Madereva Waandamizi na Wiki Ijayo

...na ndiyo maana, kabla kipaza sauti hiki hakijazimika na kunikata katikati ya neno "uthabiti", nilikuwa nawaambia kwamba uzee wa dereva si tatizo, bali ni fursa ambayo haijafanyiwa upembuzi yakinifu. Na kwa kuwa fundi mitambo sasa ananionyesha dole gumba, nitazirudia salamu tangu mwanzo, maana itifaki haina njia ya mkato, na mtu aliyetajwa kwenye kipaza sauti kilichokufa ni sawa na mtu ambaye hakutajwa kabisa.

(Miguno safu za nyuma.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye amesafiri na kwa hiyo leo ni mimi, wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo vilivyomo ndani ya vitengo, na wakuu wa vitengo ambavyo bado havijapata watumishi, ndugu mshereheshaji, waandishi wa habari, kama mmefika, wadau, wadau wenza na wale ambao bado tunatafakari kama ni wadau, wazee wangu madereva waandamizi, mliopanda ngazi hadi ghorofa hii ya tatu kwa magoti yenu wenyewe bila msaada wowote wa serikali, baba mkwe wangu mpendwa, mkongwe wa usukani anayejulikana na mji mzima kwa jina la Mzee Taratibu, na mbele ya wote hao, juu ya wote hao, pale safu ya kwanza, kiti cha kwanza kushoto, ndani ya gauni la kijani nililolichagua mimi mwenyewe, mke wangu, mwandani wangu, ubani wa nyumba yangu, ambaye leo natimiza naye wiki ya tatu ya ndoa na bado kila asubuhi nikisikia mtu anapiga mswaki bafuni kwangu huku akivumisha wimbo, nakaa kitandani nikijiuliza nimemfanyia nani wema kiasi hiki.

(Makofi na vigelegele. Mke anatazama viatu vyake. Makofi hayakomi.)

Asanteni. Inatosha. Jamani, inatosha.

(Anagonga meza mara moja kwa kiganja. Madereva wote kwa pamoja wanakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia. Kimya kikuu.)

Hii ni nidhamu ya ajabu, na ningependa iandikwe kwenye ripoti kama matokeo chanya ya programu. Mshereheshaji ananinong'oneza kwamba ni mazoea tu, kwamba wazee hawa wameendesha malori na mabasi tangu enzi za magari ya kupigwa handeli, na kwao utingo akigonga bodi mara moja maana yake simama, na akigonga mara mbili maana yake twende. Mimi nasema mazoea ni kitu kimoja na uongozi ni kitu kingine. Mmesimama kwa sababu mmeongozwa, na chini ya uongozi wangu kama Mkurugenzi, Idara hii ya Usalama wa Watumiaji wa Barabara itaendelea kusonga mbele kwa vitendo, si kwa maneno.

(Anagonga meza mara mbili kusisitiza. Madereva wote wanainuka, wanavaa kofia na kuelekea mlangoni. Mshereheshaji anawahi mlango na kuuziba kwa mgongo wake.)

Hapana, wazee wangu, bado. Kaeni. Hatujafika hata kituo cha kwanza. Nitajitahidi kutoigusa meza.

Sasa niingie kwenye mada. Wote mnaifahamu kanuni mpya, ambayo niliiandika mimi mwenyewe katika kikao cha faragha nilichohudhuria peke yangu. Inasema kwamba dereva yeyote aliyefikisha umri wa miaka sitini hatahuishiwa leseni ya kubeba abiria mpaka awe na cheti cha mafunzo ya usalama kwa madereva waandamizi. Inasema pia kwamba mafunzo hayo hayatatolewa mahali pengine popote isipokuwa katika kituo chetu, hapa hapa kwenye korido hii, chumba cha mwisho mkono wa kulia, ambacho kibao chake mlikiona mlipokuwa mnapumzika kwenye ngazi. Na inasema kwamba mwisho wa yote hayo ni mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo, mzee asiye na cheti atakabidhi funguo, aende nyumbani akawasumbue wajukuu.

(Manung'uniko. Mzee Taratibu amekaa wima, kofia juu ya goti.)

Najua mnanung'unika kwa furaha. Hebu niwape takwimu, maana mimi ni mtu wa takwimu. Tangu programu hii ianzishwe, hakuna dereva hata mmoja aliyepata ajali akiwa darasani. Sifuri. Nchi nyingi zilizoendelea haziwezi kusema hivyo. Asilimia mia moja ya waliomaliza mafunzo wamefaulu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika kuhusu ubora wa mkufunzi. Utafiti tulioufanya unaonyesha kwamba uelewa wa wananchi kuhusu programu umeongezeka maradufu, kutoka mimi peke yangu hadi mimi na mke wangu.

Na hapa, ndugu wadau, mtaniwia radhi nitoke kidogo nje ya karatasi niliyoandikiwa, kwa sababu huwezi kuizungumzia programu hii bila kumzungumzia yeye. Watu wananiuliza, Mheshimiwa, ulimpata wapi mwanamke kama huyu, na umri huo, na kitambi hicho? Nawajibu: nilimpata dirishani. Dirisha la maulizo, ghorofa ya kwanza, lile lenye kioo chenye tundu dogo ambalo mwananchi lazima ainame ndipo asikike. Siku hiyo karani alikuwa na ruhusa, nami nikashuka kuchungulia kama kuna kalamu. Akainama. Akasema, samahani, nimekuja kuulizia yale mafunzo ya madereva wazee, baba yangu anayahitaji sana, yanaanza lini? Wazee wangu, mimi nimeshika madaraka mengi, lakini siku hiyo sikushika hata kalamu. Moyo ulikata kona bila kuwasha taa. Sauti ile ilipita kwenye tundu lile la kioo ikaja ikakaa hapa, mahali ninapovaa beji. Nikamwambia, rudi wiki ijayo.

(Kicheko upande wa madereva wa malori.)

Akarudi. Amevaa blauzi ya njano. Akauliza, yanaanza lini? Nikamweleza kwamba tupo katika hatua ya kupitia mapendekezo ya awali, akanisikiliza kwa yale macho yake makubwa mpaka nikajikuta namweleza na mapendekezo ya mwisho ambayo hayakuwepo. Nikamwambia, rudi wiki ijayo. Akarudi, nikamwambia tunasubiri viti. Akarudi, nikamwambia viti vimefika lakini ubao haujafika. Akarudi siku ya mvua, nywele zimelowa, mwavuli umepinduka, na mimi nikamfungulia mlango wa ofisi yangu mwenyewe, nikamkaribisha chai, nikamweleza kwa upana dhana nzima ya uwezeshaji shirikishi. Hakuna mwanamke aliyewahi kunisikiliza nikieleza dhana hiyo mpaka mwisho. Yeye alisikiliza, akaweka kikombe chini, akauliza, kwa hiyo nirudi lini?

Mnaona mapenzi hayo? Mnaona subira hiyo? Kuna watu wanasema taratibu za ofisi zinaumiza wananchi. Mimi nasema taratibu za ofisi zimenipa mke. Na mpaka hivi ninavyozungumza, nikimuuliza ni lini hasa alianza kunipenda, anacheka tu na kuniambia kwamba hana hakika, lakini wiki ile nilipomwambia kwa uso mkavu kwamba ubao umefika ila umefika upande wa nyuma tu, alirudi nyumbani akicheka njia nzima.

(Kicheko. Mke naye anatabasamu kidogo, kisha anamtazama baba yake na tabasamu linakwisha.)

Turudi kwenye maudhui ya mafunzo yenyewe, ambayo yamegawanywa kitaalamu katika moduli. Moduli ya kwanza inahusu shingo. Utafiti umebaini kwamba shingo ya dereva mwandamizi, ikilinganishwa na ya kijana, hugeuka kwa masharti. Mzee anataka kurudi nyuma, shingo inamwambia tuelewane kwanza. Hivyo anarudi nyuma kwa kumbukumbu ya jinsi sehemu ile ilivyokuwa asubuhi. Moduli ya pili inahusu macho, hususan jioni, gari la mbele linapokuwashia taa usoni na barabara yote inageuka maziwa. Moduli ya tatu inahusu dawa: mzee anameza kidonge cha mafua, anashika usukani, na kuanzia hapo kidonge ndicho kinachoendesha. Moduli ya nne, ambayo ni ubunifu wangu binafsi, inahusu namna ya mtoto kumwambia baba yake akabidhi funguo bila baba kumnunia mwaka mzima.

(Wazee wanatikisa vichwa, wengine wanaangaliana.)

Naona imewagusa. Mzee mmoja hapo ananyoosha mkono. Ndiyo, wewe ambaye wenzako wanakuita Honi. Anauliza ni nani atakayefundisha. Ni swali zuri sana, na maswali mazuri huwa tunayatunza hadi mwisho. Anauliza pia msalani ni wapi. Hilo ni la utekelezaji. Mwisho wa korido, mzee wangu.

(Honi anatoka akiburuta kandambili.)

Sasa, kuna maadui wa maendeleo wanaozunguka mitaani wakisema mafunzo haya ni hewa. Mimi ni mtu wa amani, sitawataja, hasa kwa kuwa mmoja ni dada yangu. Lakini niwaulize: Jumamosi ile ya wiki tatu zilizopita, si tuliwaita nyote kwa mafunzo kwa vitendo? Si mlikuja, mashati yamepigwa pasi, viatu vinang'aa, wengine mmeazima miwani? Si mlielekezwa kwa ufasaha kwamba muendeshe taratibu, taa za tahadhari zikiwaka, muachiane nafasi, msipitane, na mpige honi kwa mpangilio? Mkatekeleza kwa umahiri ambao sijawahi kuuona katika ukanda huu. Mkauliza mbona gari la mbele lina maua, mkajibiwa ni kwa ajili ya kuongeza mwonekano barabarani. Mkauliza mbona kuna mtu anapiga picha za video akiwa ametokeza juu ya paa la gari, mkajibiwa ni ufuatiliaji. Mkauliza mbona tunaishia ukumbini na kuna keki, mkajibiwa ni tathmini. Na mlitathmini, wazee wangu, mpaka kipande cha mwisho.

(Kicheko kikubwa. Dereva mmoja anamwambia jirani yake kwamba yeye alijua ni harusi tangu alipoona shela, ila alifikiri bibi harusi naye anachukua leseni.)

Baba mkwe wangu pekee ndiye aliyekuwa na taarifa kamili, maana bibi harusi ni binti yake wa pekee, aliyemlea mwenyewe na kumfundisha udereva mwenyewe. Ndiye aliyeendesha lile gari la maua. Alimfungulia mwanawe mlango kama anavyowafungulia wagonjwa wa lile gari lake la hospitali, akamfunga mkanda, akautikisa kuhakikisha. Tulipofika, wakati watu wote wanapiga vigelegele, alinivuta pembeni akaniuliza jambo moja tu, kwamba mafunzo yenyewe ni lini. Nikamwambia, baba, baada ya fungate.

Na fungate, ndugu zangu, ilikuwa nzuri. Sitaki kuwachosha. Nitasema tu kwamba kuna machweo fulani ambayo...

(Honi anarudi. Ni mzito wa masikio, na anadhani anamnong'oneza jirani yake. Ukumbi mzima unamsikia akisema kwamba amekosea mlango, amefungua kile chumba chenye kibao cha Kituo cha Mafunzo, na ndani hakuna darasa wala ubao, kuna lile kochi la maharusi, maua ya plastiki, na viti vyenye riboni vimepangwa mpaka darini.)

Asante kwa taarifa, Mzee Honi. Niweke sawa hapo. Kituo kipo katika awamu ya mpito. Vifaa vilivyomo ni vya matumizi mtambuka. Kiti ni kiti, riboni haimzuii mtu kujifunza. Nawaomba msiruhusu samani ziwatoe kwenye ajenda, hasa tunapofika kwenye kilele cha hafla hii, yaani kugawa vyeti. Ndiyo, vyeti. Mmeshangaa. Serikali sikivu ni hiyo. Nimeona hakuna sababu ya kuwachelewesha wazee wetu na mafunzo wakati vyeti viko tayari, vina mhuri na picha yangu. Na wa kwanza kukipokea, kwa haki na bila upendeleo wowote, ni baba mkwe wangu. Mzee Taratibu, karibu mbele. Mpigapicha, upande wangu huu.

(Makofi. Mzee Taratibu anapanda jukwaani, kofia mkononi. Mkurugenzi anamnyooshea cheti. Mzee hakipokei. Anazungumza kwa sauti ya chini. Ukumbi unajivuta mbele kumsikia.)

Wazee wangu wa nyuma, kwa kuwa hamsikii, acha niwafikishie, maana mimi ndiye mwenye kipaza sauti. Baba mkwe anasema kwamba yeye, kama mnavyojua, anaendesha gari la hospitali, lile jeupe linalowachukua wagonjwa wa kusafishwa figo majumbani kwao na kuwarudisha. Anasema wanapotoka huko huwa wamechoka, hawana nguvu hata ya kushika kiti, wanamwachia yeye kila kitu. Anasema tangu mwaka huu uanze, wakirudi jioni, taa za magari ya mbele zinampasukia machoni, na juzi juzi kuna mwendesha baiskeli alimwona ameshafika kwenye kioo cha pembeni. Hakumgusa. Alisimamisha gari, akakaa, mgonjwa mmoja akamuuliza kulikoni, akamjibu anasubiri injini ipoe. Anasema hajui kama ni macho au ni woga tu wa uzee. Anasema...

Baba, sema mwenyewe hapa. Sogea.

(Mzee Taratibu anakisogelea kipaza sauti.)

"Mwanangu, cheti sikihitaji. Nahitaji mtu anayejua kazi akae pembeni yangu, giza likianza kuingia, aniambie kama bado naona. Akiniambia basi, nitaweka funguo mezani siku hiyo hiyo. Lakini aniambie kabla barabara haijaniambia."

(Anarudi nyuma hatua moja. Mkurugenzi anakishika tena kipaza sauti.)

Makofi kwa baba mkwe wangu. Makofi kwa unyenyekevu huo. Hakuna makofi? Haya. Cheti chako nitakuletea nyumbani, baba, usiwe na wasiwasi, utakitundika sebuleni. Mnaona, ndugu zangu, hii ndiyo aina ya mrejesho tunayoihitaji, na nitaagiza iundwe kamati ndogo ya kuuchakata.

Tunaelekea tamati. Naomba tuinue mikono kwa kaulimbiu. Nikisema "Dereva mwandamizi!", mnajibu "Salama kwanza!" Dereva mwandamizi!

(Sauti chache.)

Nikisema "Mafunzo kwa wote!", mnajibu "Kwa wakati!" Mafunzo kwa wote!

(Honi peke yake anajibu, lakini anajibu "Lini?")

Tutaifanyia kazi kaulimbiu. Sasa shukrani, na kisha mtakuwa huru. Naishukuru idara yangu kwa kuniamini. Namshukuru karani wa dirisha la maulizo kwa ruhusa aliyoomba siku ile. Nawashukuru ninyi madereva waandamizi kwa kunisindikiza kwa mwendo salama katika siku kubwa ya maisha yangu. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe, mke wangu, nyota yangu, uliyekuwa ukija wiki baada ya wiki na swali lako lile lile. Leo mbele ya hadhara hii nataka nikupe zawadi ambayo mwanamume hampi mwanamke kwa urahisi, nayo ni ukweli wa moyo. Hakukuwa na viti. Hakukuwa na ubao, wa mbele wala wa nyuma. Hakukuwa na mkufunzi, mpango, wala upembuzi, na sikuwahi kumwandikia mtu hata mstari mmoja kuomba viwepo. Kwa sababu kama ningeanzisha mafunzo yale siku ya kwanza ulipoinama kwenye tundu lile la kioo, baba yako angefunzwa, ungeshukuru, ungeondoka, na wiki ijayo ungerudi kufanya nini? Mafunzo haya yote, mpenzi wangu, yalikuwa ni wewe.

(Hakuna anayepiga makofi. Mkurugenzi amefungua mikono. Mke anasimama.)

Njoo. Njoo hapa mbele wakuone. Usilie, mpenzi, au lia tu, ni machozi ya... Unasemaje? Ongea kwenye kipaza sauti.

"Mwaka mzima nilikuwa narudi nyumbani namwambia baba wiki ijayo. Na yeye kila jioni anatoka na wagonjwa. Nilicheka, eti ubao wa nyuma. Nilimsimulia na yeye akacheka."

Lakini mpenzi, hayo ndiyo mazingira ya...

(Mzee Taratibu anaweka kofia kichwani. Anaigonga meza mara mbili.)

Baba, hapana, hiyo meza ni ya...

(Madereva wote wanainuka. Mshereheshaji safari hii hauzibi mlango, anaushikilia wazi. Viti vinaburutwa. Mke anatoka akiwa amemshika baba yake mkono kwenye ngazi. Ukumbi unabaki na mkurugenzi, fundi mitambo na bango.)

Wazee wangu. Wadau. Bado kuna soda.

Fundi, waya wa hiki kipaza sauti unafika dirishani? Ulegeze kidogo. Ulegeze tena. Hapo.

Nawaona. Wako uani, karibu na lile gari jeupe. Jua bado lipo, ila limeshainama. Baba mkwe amesimama mlango wa dereva. Anautazama usukani. Anazunguka mbele ya gari... fundi, unaona hii? Anampa binti yake funguo. Amekaa yeye upande wa pembeni. Sijawahi kumwona baba mkwe amekaa pembeni. Anavuta mkanda, anautikisa. Mke wangu ameshika usukani na amegeuza shingo yote nyuma kabla ya kuwasha, kama moduli ya kwanza inavyosema, ingawa moduli ya kwanza niliitunga jana nikiwa naoga.

Mke wangu! Unanisikia? Mtaa mzima unanisikia, najua, lakini wewe unanisikia? Kwani unaenda wapi, nyumbani ni huku. Utarudi lini?

(Mke anashusha kioo na kusema neno. Hadi ghorofa ya tatu halifiki. Honi, aliyetega sikio dirishani mwa gari, anaweka viganja mdomoni na kulipaza juu.)

"Anasema wiki ijayo!"

Fundi, umesikia. Wiki ijayo. Mimi naijua hiyo wiki. Ni mimi niliyeianzisha, na najua kwamba haina Jumatatu.

(Gari jeupe linatoka getini taratibu, limewasha taa ya kona. Nyuma yake yanafuata magari ya madereva wengine, yameachiana nafasi, hayapitani, taa za tahadhari zinawaka, kama walivyofundishwa.)

Msafara umekaa vizuri. Hilo lazima nilikubali.

Haya, nasema bila karatasi sasa, na kama bado mnasikia huko barabarani, sikieni. Cheti nakichana, fundi ni shahidi. Kuna mwanamke mmoja wa chuo cha udereva ambaye aliniandikia mara nyingi akijitolea kuwafundisha wazee, nami nikawa namwambia tutawasiliana. Nitamwendea leo kwa miguu yangu, nimwombe msamaha kwanza na huduma baadaye. Na mtaalamu wa macho nitamtafuta. Lile kochi na vile viti nitavitoa mle chumbani mwenyewe, kimoja kimoja, kwenye hizi ngazi. Baba mkwe, nitakuja kwako. Sitakuja na kamati wala mpigapicha. Nitakuja giza likianza kuingia, huyo mama atakaa pembeni yako, mimi nitakaa nyuma wanapokaa wagonjwa, nitanyamaza, na atakachosema ndicho kitakuwa. Mke wangu, usitume mtu kuchukua nguo zako. Sisemi wiki ijayo. Fundi, nigongee meza mara mbili, niondoke. Maana leseni ya mzee inakwisha mwisho wa mwezi, nami lazima niwe nimefika kwao kabla mwezi haujaisha.